Mstari wa Tatu

Changamwe,
12 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Dorothy,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mjomba wako ni mzima, ila magoti yanagoma nikipanda ngazi za kanisa. Natumaini nawe u mzima huko bara kwenye baridi, ambako nasikia masista mnalala na soksi. Huku ni joto la Januari, bati la jikoni linalia mchana kutwa.

Mama yako hajambo kwa kadiri ya hali yake. Upande wa kulia bado hauna nguvu, na maneno hayajarudi tangu alipopata kiharusi. Anasema "eeh" na "aa-a", basi. Lakini anafahamu kila kitu, na chai isiyo na tangawizi anairudisha. Swabra, jirani wa mlango wa pili, bado anakuja kila asubuhi kumwogesha, maana mimi ni mwanamume na ni kakake, kuna mambo siwezi. Ukimshukuru anakasirika, kwa hiyo nimeacha kumshukuru.

Nimekuandikia barua kwa kuwa simu hamruhusiwi, na jambo lenyewe ni la furaha. Kuna kamati inayokusanya nyimbo za kanisa zilizotungwa na watu wa hapa Mombasa, wapate kuzichapa katika kitabu kimoja, noti na maneno. Wamechagua "Ng'ambo Yako, Bwana". Hebu fikiria. Wimbo uliotoka nyumbani kwetu, unaoimbwa kwenye mazishi kila kanisa kuanzia Likoni hadi Kisauni, sasa utakuwa kitabuni na jina la mtunzi juu yake:

Maji haya ni mapana,
mkono wangu ushike;
nikifika, nipokee,
ng'ambo yako, Bwana.

Wamenipa fomu. Ina nafasi ya jina la mtunzi, mwaka, na nusu ukurasa wa kueleza wimbo ulivyopatikana. Kwenye huo nusu ukurasa ndipo nilipokwama. Nipe noti nitaandika sauti nne huku nakula, lakini insha zilinishinda tangu shule. Wewe una mkono wa kuandika. Niandikie, nami nitanakili. Siku ya mwisho ni Pentekoste.

Kitabu hiki pia kitanimalizia ugomvi wangu na kwaya zote za mji huu. Miaka ishirini na saba wanaimba mstari wa tatu vibaya. Karatasi yangu inasema kwenye "nipokee" sauti ipande. Wao wanaishusha. Mwezi uliopita nilikuwa mazishini Mishomoroni, wakaishusha tena, nikainuka niwakosoe na jeneza liko mbele yao. Mtu akanivuta shati. Ikishachapwa watakosa la kusema.

Mama yako anakusalimu kwa macho.

Mjomba wako,
Mutua


Monasterini,
9 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako ilifika salama, nikaisoma mara mbili bustanini nikiwa nimekalia gunia la viazi. Tumevuna vingi mwaka huu, tunavila asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayethubutu kulalamika. Mlezi wetu sisi wanovisi tulio bado mafunzoni, Sista Valarie, anakusalimu. Barua zetu zote hupitia kwake zikiwa wazi, kwa hiyo naye sasa anayajua magoti yako.

Mwambie mama kwamba kila jioni namtaja kwa jina. Mwambie Swabra simshukuru.

Kuhusu nusu ukurasa, mjomba, mimi niko tayari kuandika lile utakaloniambia. Ila mwaka 1996, wimbo ulipotoka, nilikuwa na miaka miwili na siwezi kuandika neno ambalo sikulisikia kwako. Basi niambie: ulikuwa umekaa wapi? Sauti ilikujia kwanza, au maneno? Ulianza na mstari upi? Na kwa nini maji? Wewe hukuwahi kuishi ng'ambo ya feri, ni sisi tulioishi Likoni.

Nijibu upesi ukiweza. Jumatano ya Majivu ni tarehe tano Machi, na Kwaresima yote hapa hatupokei barua wala hatuandiki. Itakayochelewa itakaa kwa Sista Valarie mpaka Pasaka.

Mwanao katika Kristo,
Dorothy


Changamwe,
26 Februari 2025

Dorothy mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Maji ya mfereji yalikatika siku sita, yakarudi yakiwa na rangi ya chai, tukayatuliza kwenye ndoo tukayatumia hivyo hivyo. Nilistaafu bandarini nikidhani nitapumzika, kumbe nimehamia kazi ya kubeba madumu.

Maswali yako ni ya polisi, si ya sista. Hata hivyo andika hivi: wiki moja baada ya kumzika marehemu baba yako Fidel, nilikuja kwenu Likoni kuwatazama. Ilikuwa alasiri. Nilikaa mezani na karatasi ya noti. Mama yako alikuwa mkekani anamenya mihogo, wewe unavuta maganda. Kufika saa kumi na moja wimbo wote ulikuwa kwenye karatasi, soprano, alto, teno na besi.

Unauliza sauti ilikujaje. Ilikuja tu. Nyimbo huja. Andika "kwa msaada wa Roho Mtakatifu", kamati watafurahi. Na maji ni maji ya kifo, mtoto wa katekisimu anajua hilo.

Sasa sikia ajabu. Juzi nilikuwa nje naanika shuka, Swabra akaniita kwa kelele nikadhani ndugu yangu ameanguka. "Mutua, njoo! Njoo usikie! Dadako yuwaimba, wallahi yuwaimba!" Nikakimbia na magoti yangu haya. Kweli, mama yako amekaa kwenye kiti, amefungwa leso, povu bado shingoni, anaimba. Maneno hayatoki, ni sauti peke yake, lakini safi, haitetemeki. Alikuwa anaimba "Ng'ambo Yako". Tangu siku hiyo anauimba kila akiogeshwa, na Swabra, Mwislamu wa watu, ameshaushika wote.

Alipofika mstari wa tatu akaushusha kama wale wengine. Sikumwambia kitu, ni mgonjwa.

Nangoja huo nusu ukurasa.

Mjomba wako,
Mutua


Monasterini,
22 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Kristo amefufuka. Barua yako ilifika siku mbili baada ya Majivu, na Sista Valarie akaiweka kwenye droo yake hadi Pasaka. Nilikuwa naiona bahasha kila nikienda kuomba sabuni, mwandiko wako juu, na sikuruhusiwa kuigusa. Jana nimeifungua. Niliposoma kwamba mama anaimba nililia mbele ya wenzangu wote, na sikuona haya.

Nimemwomba mlezi ruhusa ya kuandika ninayoandika sasa. Ameniambia niandike kweli, kisha niisome mara tatu kabla ya kuituma. Nimeisoma mara tano.

Mjomba, siwezi kuiandika hiyo hadithi. Mama aliniambia nilipokuwa na miaka kumi na minne, tukifua nguo nyuma ya nyumba pale Likoni, kisha akaniapisha nisikuambie kamwe. Siku jeneza la baba lilipovushwa kwa feri kwenda kuzikwa kwao Makueni, mama alisimama ameshika ubavu wa gari lililolibeba. Hakutaka kulia mbele ya abiria. Akaanza kuimba kwa ndani, na maneno na sauti vikaja pamoja. Ndiyo maana ni maji, mjomba. Ni maji yale ya pale feri. Ulipokuja wiki ile alikuimbia, akarudia mara tatu huku akimenya mihogo, nawe ukaandika kwa kuwa yeye noti hakuzijua. Kisha kwenye pembe ya karatasi ukaweka jina lako, kama mnavyofanya walimu wa kwaya, kwamba aliyeshika kalamu ndiye mtunzi.

Hilo hakulilalamikia. Alisema, "Kaka yangu ameuandika, wacha auitwe wake, mradi uimbwe." Lililomuumiza ni la mwaka 1998, nawe unalijua. Wakati ule alikuwa anakuja Changamwe kila Jumamosi kwa mazoezi, anaimba soprano. Siku hiyo ukasimamisha kwaya nzima, ukamnyooshea kidole: "Pascalia, ni wewe unayeharibu mstari wa tatu. Imba kilichoandikwa." Akaweka karatasi kwenye benchi, akatoka, akavuka kurudi Likoni. Tangu siku ile hakuimba tena na kwaya yoyote. Nimekua nikimwona anakaa benchi la mwisho kanisani, mdomo umefungwa, huku wengine wanaimba wimbo wake mwenyewe.

Na unajua alivyokutetea? Aliniambia, "Mjomba wako alisikia vibaya alipokuwa anaandika. Sikio lilikosea, si moyo." Miaka yote hii amekusamehe kwa sababu hiyo.

Wale wanawake wa kwaya walioushika kwake kabla hajaondoka ndio waliofundisha wengine. Ndiyo maana Mombasa nzima wanaushusha. Hawakosei.

Nilinyamaza kwa kiapo. Lakini kiapo hicho nilikila wakati mama ana mdomo wa kujisemea, na sasa hana. Nakuomba uandike jina lake.

Dorothy


Changamwe,
11 Mei 2025

Dorothy,

Barua yako nimeipata. Mama yako hajambo.

Sikujua kwamba huko monasterini mnafundishwa kumhukumu mtu wa miaka sabini na mmoja aliyekubeba mgongoni. Mama yako aliimba, sikatai. Watu wengi huimba wakimenya mihogo. Wimbo usioandikwa unakufa na mwenyewe. Nani aliupa sauti nne? Nani alitunga ubeti wa pili na wa tatu? Nani alinakili kwa mkono karatasi arobaini na kuzipeleka parokia kwa parokia, mvua ikininyeshea? Ni Mutua. Zamani zile kila mwalimu wa kwaya alifanya hivyo, na nikikutajia majina utashangaa.

Na nani sasa anamlisha? Nani alikwenda Likoni kumchukua alipoanguka, wewe ukiwa tayari umeingia huko kusali? Sijalalamika hata siku moja, na hapa silalamiki, nauliza tu.

Fomu nimeijaza mwenyewe. Nusu ukurasa nimeandika mistari minne, inatosha. Kesho Jumatatu naipeleka.

Mutua


Monasterini,
25 Mei 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa ukali wa barua yangu. Yaliyomo siwezi kuyaombea radhi.

Uliyosema juu ya kumlisha mama ni kweli, na yananichoma kila siku. Wewe uko pale na mimi siko. Karatasi arobaini za noti nazo ni kweli, nami nakushukuru kwa kila moja, maana bila wewe wimbo ungeishia mkekani. Sitakuandikia tena juu ya jina.

Nina ombi moja tu. Kaa na mama umsomee ulichojaza, neno kwa neno, kama utakavyowasomea kamati. "Eeh" na "aa-a" bado anazo. Akisema eeh, mimi nitanyamaza mpaka kufa, na siku kitabu kitakapofika hapa nitauimba na jina lako juu yake.

Mwanao,
Dorothy


Changamwe,
12 Juni 2025

Mwanangu Dorothy,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini viazi vimepungua. Swabra anakusalimu, na mjukuu wake amepata kazi kwenye hoteli moja pale Shelly Beach, ameleta keki tumekula. Mama yako yuko hai na hana homa. Nimeanza na hayo ili usiogope, maana barua hii ni ndefu na sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Barua yako ilifika Jumanne ya tarehe tatu. Fomu nilikuwa nimeshaipeleka, lakini nakala nilibaki nayo. Nilikasirika nikaizungusha siku nzima mfukoni. Kesho yake baada ya chai nikavuta kiti karibu na mama yako, nikamsomea. "Jina la wimbo: Ng'ambo Yako, Bwana. Mtunzi: Mutua." Nikanyanyua macho. Alikuwa ananitazama. Akasema, "Eeh."

Nikamwuliza tena, nikidhani hakusikia. Akasema eeh, akanipigapiga goti kwa ule mkono wa kushoto, kama mtu anayemwambia mtoto chukua tu.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Ndicho nilichotaka. Nikaendelea kusoma mpaka nikafika kwenye noti, nikaziimba. Kwenye "nipokee" nikapandisha kama nilivyoandika. Akasema, "Aa-a!" Kwa nguvu, mate yakamtoka. Akaimba yeye, akaishusha. Nikaimba tena yangu. Aa-a. Mara nne tulifanya hivyo, Dorothy, na jina langu lilikuwa halimshughulishi hata kidogo, anagombea noti mbili tu. Mwisho nikatoa kalamu nikaandika alivyoimba, nikamwimbia kutoka kwenye karatasi. Akafumba macho akatulia.

Ijumaa nilikwenda kwa kamati. Katibu wao, binti mmoja anaitwa Lynnette, alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Mzee, watu huja hapa kuongeza majina yao, wewe waja kutoa lako?" Nikamwambia aandike: mtunzi, Pascalia Nduku; aliyeandika noti na sauti nne, kaka yake. Na mstari wa tatu ukachapwe kwa noti mpya. Amenipa risiti ya mabadiliko, ninayo. Jumamosi nikasimama mbele ya kwaya nikawaambia kwamba wimbo ni wa dada yangu, na kwamba wao walikuwa wakiuimba sawa miaka yote. Wazee wa kwaya hawakushangaa. Mama mmoja wa alto aliniambia, "Sisi twajua, mwalimu. Tulikuwa twakungoja." Hebu fikiria aibu hiyo, nami niliwafokea watu hao mpaka nywele zao zikaota mvi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepona vizuri. Lakini uliniandikia kwamba mama yako alinisamehe kwa sababu aliamini nilisikia vibaya. Basi sikia na hili.

Sikusikia vibaya. Mwaka 1996 niliandika sawasawa, noti kwa noti, sauti ikishuka. Mwaka 1998 tulikuwa na semina ya walimu wa kwaya, akaja mwalimu msomi kutoka nje, akaitazama karatasi yangu akacheka mbele ya wote. "Mtu anamwomba Mungu ampokee, nawe unaizamisha sauti? Nani alikufundisha?" Ningeweza kusema, hivyo ndivyo dada yangu alivyoimba na mumewe yuko ndani ya jeneza. Sikusema. Nilifuta, nikaandika ipande. Wiki iliyofuata mama yako aliimba yake kwenye mazoezi, yule mwalimu msomi amekuja kututazama, amekaa mlangoni anasikiliza, nami nikamwambia anakosea. Nilikuwa najua hajakosea. Nilijua wakati kidole kikiwa hewani.

Jumapili ya Pentekoste, tuliporudi kutoka Misa, nilimwambia yote. Nilipiga magoti, hayo hayo ninayolalamikia. Nilidhani atalia, au atasema eeh kama alivyosema juu ya jina. Hakusema eeh wala aa-a. Aligeuza uso ukutani.

Leo ni siku ya nne. Chakula anakula kwa mkono wa Swabra, wangu anaukataa. Kuimba ameacha. Swabra aliniuliza, "Umemfanyani dadako?" nikamweleza. Akakunja leso yake akasema, "Basi mwache akasirike, Mutua. Hajawahi kukukasirikia, na haki yake alikuwa nayo." Nadhani amesema kweli, maana msamaha niliokuwa nao wote huo haukuwa wangu, alikuwa amempa mtu mwingine aliyesikia vibaya.

Kwa hiyo usiandike kunipongeza. Jina lake litatoka kitabuni na mstari wake wa tatu utatoka sawa. Mimi nimekaa hapa kando ya kitanda, nikimwona kisogo. Miaka arobaini nimekuwa mwalimu wa kwaya, na hakuna wimbo ulioanza kabla sijatoa sauti ya kwanza mimi. Sasa sitoi. Nangoja anipe yeye, na asiponipa nitaendelea kukaa.

Mjomba wako,
Mutua